Goti la Gari Likilegea, Mguu wa Mtu Unavunjika



Mimi si mekanisiani. Kazi yangu ni sindano, bandeji na vidonge. Lakini leo nataka tuongee juu ya volani na magurudumu ya mbele ya jipu zetu za zamani, kwani zikilegea, kazi inayobaki inaletwa kwangu juu ya machela.

Miaka michache iliyopita nilikuwa natumika katika kampuni nyingine, ambayo sitaitaja. Shofere mmoja alisema majuma mawili mfululizo kwamba volani yake inatetemeka na gari linakula njia. Aliambiwa: "Endesha tu, kifaa kinakuja." Baadaye wakamwekea amortisere mpya ya volani. Mtetemo ukapungua, watu wote wakafurahi. Siku ya nne, kwenye mteremko, kichwa cha bara ya direksioni kilichomoka. Gurudumu la kushoto likaelekea huku, la kulia kule, na gari likaingia mtaroni na watu tisa. Kijana mmoja alivunjika mfupa wa paja. Tulimbeba kwa kipoyi saa tano, tukipokezana mabega. Alipona, lakini mguu mmoja umekuwa mfupi kuliko mwingine, na kazi ya mgodi ameiacha.

Sisi tunaokaa Minembwe tunajua maana ya saa tano za kipoyi. Hapa ni nyanda za juu, zaidi ya meta 2,000. Njia ya kuteremka Fizi na Baraka ni mawe, matope na madaraja ya miti. Mfupa wa paja ukivunjika, mtu anaweza kupoteza lita moja ya damu au zaidi ndani ya nyama, bila tone moja kuonekana nje. Mfupa huo hukaa miezi mitatu hata sita kabla ya kuunga vizuri. Hesabu mwenyewe mishahara, karo za shule na chakula cha nyumba kwa miezi hiyo, kisha linganisha na bei ya kifaa kimoja cha chuma.

Kuna neno moja linalotuunganisha mimi na garaje. Neno hilo ni rotuli. Katika Kifaransa cha waganga, rotuli ni kile kifupa cha goti. Kwa mekanisiani ni kile kichwa cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe chake na kuunganisha fimbo za volani. Vyote viwili vinataka ulaini na kifuniko kizima. Kifuniko cha mpira kikipasuka, mchanga na maji huingia, grisi hutoka, chuma husaga chuma. Mwanzo ni ulegevu kidogo. Mwisho ni kuchomoka.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: kuweka amortisere mpya ya volani juu ya rotuli zilizokufa ni sawa na kumpa mtoto wa malaria kidonge cha kushusha homa peke yake. Homa inashuka, mama anafurahi, na malaria inaendelea kula damu. Mtetemo ni homa ya gari. Tafuteni ugonjwa.

Namna ya kuutafuta si ngumu. Simamisha gari mahali tambarare na uzuie magurudumu kwa mawe. Mtu mmoja akae ndani, azungushe volani kidogo kushoto na kulia. Kama gari lina volani ya mafuta, injini iwe inawaka. Mwingine aangalie kila rotuli na kuigusa. Upande mmoja ukitembea kabla upande wa pili haujatembea, rotuli hiyo imekufa. Angalieni pia kama sanduku la volani linacheza kwenye shasi, maana buloni zake hulegea.

Kisha inua gurudumu kwa kriki na uweke tegemeo imara chini ya ekseli. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na kriki peke yake! Shika gurudumu juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwenzako akanyage freni. Ulegevu ukitoweka, ni rulema za gurudumu. Ukibaki, ni rulema za pivo. Sasa shika kushoto na kulia. Likicheza huko tu, rudi kwenye rotuli. Na ukiona grisi iliyochanganyika na mafuta mepesi inatiririka nyuma ya gurudumu, sili imekufa, na rulema za pivo zinaoshwa grisi yao.

Land Cruiser za aina ya 70, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, zilikuwa na resori za majani mbele. Hizo uziangalie majani yaliyokatika, buloni za U zilizolegea, na vipande vya mpira kwenye masikio ya resori. Nyingi zilizotoka tangu 1999 zina resori za kuzunguka mbele, na hizo zina fimbo inayoshika ekseli isiende kando. Mipira ya fimbo hiyo ikiisha, gari hutetemeka vilevile, na mtu atalaumu matairi bure.

Nanyi ndugu wa garaje, niruhusuni maneno machache. Bara iliyopinda au kupasuka isiunganishwe kwa moto, itupwe. Nati ya rotuli ifungwe kwa kipini kipya, si msumari wala waya. Mnapotoa rotuli, hesabuni mizunguko, ili ile mpya irudi palepale. Kumbukeni kwamba upande mmoja nyuzi zake zinafunguka kinyume. Mkimaliza, pimeni nafasi kati ya magurudumu, mbele na nyuma, kama kitabu cha gari kinavyosema. Buloni za U zikazwe tena baada ya safari ya kwanza. Na gari likivuka mito, litiwe grisi mpaka uchafu wa zamani utoke.

Najua mtasema: vifaa vinapanda kutoka Baraka au Uvira, na mvua ikifunga njia tunangoja majuma. Ni kweli. Ndiyo sababu rotuli, rulema na sili za mbele ziwekwe akiba ghalani kabla ya mvua za Septemba, kama mimi ninavyoweka akiba ya dawa. Hakuna mganga anayengoja malaria ifike ndipo aagize dawa.

Lakini jambo kubwa kuliko vifaa ni woga. Shofere hasemi ubovu kwa sababu gari likisimama, yeye anahesabiwa hana kazi, na posho ya safari inapotea. Basi anafunga mdomo na kuomba Mungu. Mimi nasema wazi: shofere anayesimamisha gari bovu amefanya kazi ya siku hiyo, na alipwe siku hiyo. Na ubovu aliousema uandikwe katika daftari, na shefu wa garaje aweke sahihi kabla gari halijatoka tena. Neno la mdomo linasahaulika, daftari linabaki.

Wewe unayepanda, usimdharau shofere anayekataa kwenda. Mama, mume wako akichelewa kwa sababu gari linatengenezwa, mshukuru Mungu. Na gari likipinduka karibu na kijiji, hasa lenye mafuta, waite watoto warudi nyuma. Tarehe 2 Julai 2010, kule Sange katika bonde la Ruzizi, lori la petroli lilipinduka kisha likawaka moto. Watu zaidi ya 200 walikufa, wengi wao watu wa mji waliokuwa karibu. Aliyeumia asivutwe kwa mikono na miguu, isipokuwa moto unakuja. Shikeni kichwa na shingo visigeuke, fungeni mguu kwenye ubao, kisha mtuite.

Mlango wa dispanseri uko wazi usiku na mchana. Lakini ningependa zaidi kukuona garajeni, umeshika gurudumu juu na chini, kuliko kukuona kwangu.