Ukumbi wa chama unapogeuka ukumbi wa biashara

KATIKA miji midogo ya jimbo la Massachusetts, Marekani, ni jambo la kawaida kukuta jengo la askari wastaafu, jengo la chama cha udugu na, ukitoka kidogo kuelekea mashambani, ukumbi wa wakulima. Majengo hayo yana jiko, jukwaa dogo na sakafu ya kuchezea dansi, na mengi yalijengwa kwa michango ya wanachama wenyewe.

Leo vyama hivyo vinakabiliwa na swali moja. Chama kikikodisha ukumbi wake kwa harusi ya mtu asiye mwanachama, muziki ukapigwa na kaunta ya bia ikafunguliwa, je, bado ni chama au kimeshakuwa mfanyabiashara kama wengine?

Swali hilo linamgusa mwenye baa ya jirani, mkulima aliyegeuza banda lake kuwa mahali pa sherehe, na mzee anayetunza daftari la chama. Linavigusa pia vikundi vingi vya wakulima na wafanyabiashara wadogo kwingineko duniani ambavyo vina ukumbi na vinatafuta namna ya kuufanya ulete fedha.

Vyama vyenye historia ndefu

Vyama vinavyohusika si vya jana. Chama cha wakulima kiitwacho Grange kilianzishwa mwaka 1867, muda mfupi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Kiliwaunganisha wakulima dhidi ya makampuni ya reli na wenye maghala ya nafaka waliokuwa wakitoza bei walizotaka, na tangu mwanzo kiliwapokea wanawake kama wanachama kamili. Kufikia mwaka 1875 kilikuwa na wanachama zaidi ya 800,000.

Chama cha udugu cha Elks kilizaliwa mjini New York mwaka 1868, na chanzo chake kinachekesha kidogo. Waigizaji na wanamuziki wa mji huo walikuwa wakikusanyika faraghani siku za Jumapili kwa sababu sheria ilizifunga baa siku hiyo. Mmoja wao alipofariki na kuacha familia katika dhiki, kikundi cha kunywa kikageuka chama cha kusaidiana. Kwa maneno mengine, uhusiano wa vyama hivi na sheria za vileo una umri sawa na vyama vyenyewe.

Kwa upande wa askari, Veterans of Foreign Wars kina mizizi yake mwaka 1899, na American Legion kiliundwa mwaka 1919 baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. American Legion kilivuka wanachama milioni 3 baada ya vita ya pili. Leo kiko chini ya milioni 2, kwa kuwa wazee wanaondoka na vijana wanaojiunga ni wachache.

Wanachama wanapopungua, paa halipungui ukubwa. Bima, mafuta ya kupasha joto jengo wakati wa baridi na matengenezo vinadai fedha ileile au zaidi. Ndipo kamati inapoamua kukodisha ukumbi.

Leseni zaidi ya moja

Watu wengi hudhani kuwa mwenye leseni ya vileo ameshamaliza kazi. Sivyo. Katika Massachusetts, leseni ya vileo ni kitu kimoja na leseni ya burudani ni kitu kingine.

Leseni ya vileo ya klabu ina mipaka yake. Sheria ya jimbo inasema klabu itauza kwa wanachama wake na kwa wageni walioletwa na wanachama, na si kwa mtu mwingine. Mpita njia aliyeona taa zinawaka hana haki ya kuingia na kuagiza. Hii ndiyo sababu milango ya klabu nyingi ina kengele, na mlangoni kuna daftari la kuandika mgeni na jina la mwanachama aliyemleta.

Leseni ya burudani hutolewa na meya au halmashauri ya mji. Inahitajika pale mahali pa kula au kunywa panapoweka muziki, dansi au maonyesho kama sehemu ya kawaida ya biashara, kuwe na kiingilio au kusiwe nacho. Halmashauri hailazimiki kumpenda mwombaji, lakini haiwezi kumnyima bila sababu. Inapaswa kuonyesha kwamba burudani hiyo itaathiri afya, usalama au utulivu wa umma. Inaweza pia kuweka masharti, kwa mfano saa ya kuzima muziki. Burudani ya Jumapili ina leseni yake ya pekee, ambayo hupitia pia mikononi mwa serikali ya jimbo.

Bahati nasibu nayo ina utaratibu wake. Vyama vya askari wastaafu na vya udugu vinaruhusiwa kuendesha mchezo wa kuuza tiketi za zawadi, ilimradi chama kimekuwepo na kufanya kazi kwa muda usiopungua miaka 2, kimepata kibali kwa karani wa mji, na mapato yanakwenda kwenye shughuli za hisani au za chama. Jimbo hukata kodi ya asilimia 5 ya mapato ghafi, yaani kabla ya kutoa gharama. Kamati inayosahau kipengele hicho hujikuta imegawa fedha ambazo si zake.

Moto ulibadili hesabu

Wapo wanaoziona leseni hizi kuwa mzigo wa makaratasi tu. Historia ya eneo hilo inaonyesha vingine. Novemba 28, 1942, moto uliteketeza klabu ya usiku ya Cocoanut Grove mjini Boston na kuua watu 492. Miaka 60 baadaye, Februari 20, 2003, fataki zilizowashwa jukwaani katika klabu iitwayo The Station, jimbo la jirani la Rhode Island, zilishika sponji iliyobandikwa ukutani. Watu 100 walikufa. Jengo halikuwa na mitambo ya kunyunyizia maji kutoka darini.

Mwaka uliofuata, 2004, Massachusetts ilipitisha sheria inayotaka mitambo hiyo iwekwe katika baa, kumbi za dansi na sehemu nyingine za burudani za namna hiyo zinazochukua watu 100 au zaidi, pamoja na majengo ya zamani.

Hapo ndipo vyama vilipobanwa. Kuweka mitambo ya maji katika jengo kuukuu ni gharama kubwa, na kamati nyingi zilijitetea kuwa ukumbi wao ni wa mikutano na chakula cha jioni, si wa dansi. Bodi ya rufaa iliyoamua kesi hizo haikuangalia jina lililo juu ya mlango. Iliangalia kinachofanyika ndani. Je, taa hufifishwa? Muziki ni wa sauti ya juu? Kuna sehemu iliyotengwa kwa dansi? Watu hubaki hadi usiku sana? Vinywaji ndiyo shughuli kuu na chakula ni cha kusindikizia? Majibu ya ndiyo yakiwa mengi, jengo lilihesabiwa kuwa sehemu ya burudani hata kama lina bendera ya askari wastaafu mbele.

Kipimo hicho ndicho kiini cha suala zima. Sheria haimuulizi mtu yeye ni nani, inamuuliza anafanya nini. Moto hautofautishi mwanachama na mteja.

Kilio cha mwenye baa

Kwa mfanyabiashara mdogo, suala hili lina sura nyingine. Idadi ya leseni za kuuza vileo kwa umma katika Massachusetts inawekewa ukomo. Mjini Boston uhaba huo ulizifanya leseni ziuzwe kati ya mtu na mtu kwa mamia ya maelfu ya dola, hata mwaka 2024 jimbo likapitisha sheria ya kuuongezea mji huo leseni 225.

Mtu aliyekopa benki ili kupata leseni ya namna hiyo, anayelipa mishahara na kodi kamili, ana haki ya kulalamika akiona klabu ya jirani inauza bia kwa bei ya chini kwa kila anayeingia. Klabu ilipewa unafuu kwa sababu ilikubali kufunga mlango wake. Ikiufungua mlango na kubaki na unafuu, huo si ushindani wa haki.

Mkulima naye amo. Katika miaka ya karibuni mashamba mengi ya huko yameongeza kipato kwa kupokea harusi na sherehe katika mabanda ya zamani, na wakulima wanaotengeneza mvinyo na bia wana leseni zao maalumu. Lakini banda lililojengwa kwa ajili ya nyasi na ng'ombe likianza kupokea watu 150, kwa sheria ya majengo limebadilika matumizi. Milango ya dharura, vyoo na ulinzi dhidi ya moto hufuata. Mkulima aliyegharamia yote hayo hatafurahi kuona ukumbi wa chama ukikwepa.

Kodi na kazi ya kujitolea

Serikali kuu ya Marekani nayo imechora mstari wake. Chama cha askari wastaafu husamehewa kodi ya mapato iwapo, pamoja na masharti mengine, angalau asilimia 75 ya wanachama ni askari wa sasa au wa zamani. Msamaha huo haufuniki kila senti. Mapato ghafi ya biashara isiyohusiana na lengo la chama yakifika dola 1,000 kwa mwaka, chama hulazimika kuyatolea taarifa, na faida hutozwa kodi kama ya kampuni.

Hata hivyo, sheria imeacha mlango mmoja wenye busara. Shughuli ambayo karibu kazi yake yote inafanywa na watu wa kujitolea wasiolipwa haihesabiwi kuwa biashara ya kutozwa kodi hiyo. Kwa hiyo mlo wa jioni unaopikwa na kina mama na wazee wa Grange kwa nguvu zao wenyewe hautazamwi sawa na sherehe iliyopikwa na kuhudumiwa na wafanyakazi wa mshahara katika ukumbi huohuo.

La kujifunza

Vyama vya ushirika wa mazao, vya kuweka na kukopa, na vikundi vya wastaafu vyenye jengo lake vina la kuokota hapa, ingawa sheria za kila nchi ni tofauti.

Kwanza, kamati iamue mapema ukumbi ni wa nani. Kama ni wa wanachama na wageni wao, daftari la wageni liwepo na lifuatwe. Kama ni wa yeyote mwenye fedha, chama kikubali kuwa kimeingia biashara na kikate leseni za biashara.

Pili, gharama za usalama zihesabiwe kabla ya kutangaza bei ya kukodisha, si baada ya mkaguzi wa zimamoto kufika. Ukumbi unaokodishwa kwa bei isiyoweza kulipia mlango wa pili wa dharura unakodishwa kwa hasara.

Tatu, fedha za ukumbi ziwe na hesabu zake, zisichanganywe na ada za wanachama. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye kaunta ya vinywaji hupotea haraka zaidi.

Mwisho, wenye baa na kumbi za jirani wasionekane kuwa maadui. Halmashauri inapoitisha kikao cha kusikiliza maoni kabla ya kutoa leseni, wao ndio huwa wa kwanza kufika, na chama kilichozungumza nao mapema huenda kwenye kikao hicho na pingamizi chache.