Ekzosi isiyokaa vizuri yamla mkulima na mwenye pikipiki

PIKIPIKI kuukuu ndiyo lori la mkulima mdogo wa Bujora. Ndiyo inayotoa gunia la mpunga shambani, ndiyo inayofikisha tenga la nyanya sokoni Kisesa, na ndiyo inayopeleka mgonjwa hospitali usiku. Wageni wanaokuja kuangalia Makumbusho ya Wasukuma, au ngoma za Bulabo ambazo kwa kawaida huchezwa Juni, nao hushuka barabara kuu ya Mwanza–Musoma na kumalizia safari yao kwa bodaboda.

Kwa hiyo pikipiki hiyo ikilala kwa fundi, si dereva peke yake anayepata hasara. Nyanya huiva bila kumsubiri mtu, na bei ya asubuhi sokoni si bei ya jioni.

Miongoni mwa mambo yanayolaza pikipiki nyingi za zamani ni ekzosi isiyokaa vizuri. Dalili zake zinajulikana: mlio wa "pu-pu-pu" karibu na injini, masizi meusi pale bomba linapoungana na injini, na mishindo kila dereva anapoachia mafuta. Madereva wengi huzoea kelele hizo na kuendelea na kazi. Wengine hufunga waya, bati la kopo au kipande cha mpira, na mpira huo huungua siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo hasara inapoanza. Fundi asiye makini akisikia mishindo hudhani kosa ni la kabureta, akaongeza mafuta. Mishindo haiishi, lakini petroli inaliwa zaidi. Bomba lililolegea nalo hutikisika katika kila shimo la barabara, likala nyuzi za stadi mbili zinazolishikilia hadi moja ikatike ndani ya injini. Kazi iliyokuwa ya gasketi inakuwa ya kutoboa na kuchonga nyuzi upya.

Yapo pia ya usalama. Moshi unaotoka pale kwenye maungio ni wa moto mkali, nao uko karibu na mguu wa abiria na mzigo unaoning'inia. Kwa eneo linalolima pamba, kubeba viroba vya pamba karibu na bomba linalovuja ni kucheza na moto.

Matengenezo yenyewe si ghali, mradi utaratibu ufuatwe. Kwanza injini ipoe kabisa. Nati zenye kutu zipakwe mafuta ya kulegeza na kuachwa usiku kucha, kwani nyingi hukatika kwa kulazimishwa. Bomba likitoka, gasketi ya zamani ikwanguliwe yote. Mafundi wengine huweka mpya juu ya kuukuu, na bomba haliwezi kukaa sawa hapo. Gasketi mpya, ile pete ndogo ya shaba, ishikizwe kwa grisi kidogo isidondoke wakati wa kufunga.

Kosa kubwa hutokea katika kufunga. Fundi hukaza kwanza nati za mbele kwa nguvu zote, kisha akakuta tundu la nyuma halilingani na fremu. Hulivuta bomba kwa nondo hadi bolti iingie. Kwa macho limekaa, lakini bomba linabaki limekazana kama upinde, na siku si nyingi stadi inakatika.

Inavyotakiwa ni kufunga nati za mbele kwa vidole tu, kisha bolti ya nyuma nayo kwa vidole. Kama matundu hayalingani, nafasi hiyo izibwe kwa washa, au fundi wa kuchomelea aongeze kipande cha chuma kwenye kishikio cha ekzosi. Kipande kishikizwe kidogo ekzosi ikiwa mahali pake, kisha ekzosi itolewe na kuchomelewa pembeni, mbali na tangi la petroli. Wakati wa kushikiza, waya za betri zifunguliwe ili umeme usiunguze vifaa.

Baada ya hapo nati za mbele zikazwe kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, na bolti ya nyuma iwe ya mwisho. Injini iwashwe, ipate moto, ipoe, kisha nati zikazwe tena. Kununua ekzosi nyingine kuna maana pale tu bomba linapokuwa limeoza kwa kutu. Hata hapo, iliyotumika ya aina ile ile ya pikipiki ni bora kuliko mpya ya aina nyingine.

Kama kazi ni rahisi hivyo, kwa nini haifanyiki? Jibu haliko kwa fundi, liko kwenye makubaliano kati ya mwenye pikipiki na dereva.

Dereva anadaiwa hesabu kila jioni, iwe pikipiki imefanya kazi au imelala. Akisimama asubuhi moja kutengeneza ekzosi, hasara ni yake. Stadi ikikatika mwezi ujao, hasara kubwa ni ya mwenye mali. Dereva anayefikiri kwa akili ya kawaida ataendelea kuendesha. Kumlaumu kwa uzembe ni kutoangalia hesabu yake.

Chukua mfano. Hesabu ni Sh8,000 kwa siku, gasketi na ufundi ni Sh5,000. Mwenye pikipiki akilipa gharama hiyo na kusamehe nusu ya hesabu ya siku hiyo, ametoa Sh9,000. Akingoja mpaka stadi ikatike, pikipiki ikalala siku mbili na fundi akataka Sh20,000, amepoteza Sh36,000, yaani mara nne. Bei hutofautiana, lakini uwiano huo haupotei kirahisi.

Kwa hiyo wenye pikipiki wa Bujora na Kisesa wangefanya vyema kuandika katika mikataba yao mambo mawili. La kwanza, matengenezo madogo yalipwe na mwenye mali. La pili, nusu siku kila mwezi iwe ya ukaguzi, isiyodaiwa hesabu. Kwenye mkataba ambao dereva anamiliki pikipiki baada ya muda, gharama hizo zigawanywe, kwa kuwa wote wawili ni wenye mali.

Vijiwe navyo vina nafasi. Madereva ambao tayari wanachangiana kwa misiba na ugonjwa wanaweza kununua kwa pamoja spana, mafuta ya kulegeza nati na gasketi za akiba. Mkulima mwenye pikipiki yake mwenyewe aifanye kazi hii kabla ya mavuno, si wakati gunia liko tayari mlangoni.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mkulima wa Bujora, ufa huo ni upana wa pete ya shaba, na ukuta ni msimu mzima wa mauzo.