Daktari akisema "hoarding", hazungumzii sukari

Msomaji, ukilitaja neno "hoarding" mbele ya Mkenya yeyote aliyesoma shule, atakwambia ni mchezo wa wafanyabiashara. Sukari au unga wa mahindi ukiadimika madukani, wakubwa serikalini huwaonya walanguzi wanaoficha magunia ili bei ipande, na magazeti ya Kiingereza hulitumia neno hilo. Fundi wa ujenzi naye atasema ni yale mabati yanayozungushiwa jengo ili wapita njia wasiingie. Wote wawili hawajakosea.

Sasa chukua neno la pili, "disorder". Hilo wengi wetu tulilijulia kortini, kwa sababu ya lile shtaka maarufu la kulewa na kuzua fujo. Hebu basi mfikirie mama aliyempeleka mkwewe hospitalini, akaambiwa harakaharaka kwa Kiingereza kwamba mgonjwa ana "hoarding disorder". Alichosikia yeye ni kuwa mkongwe wa watu ni mlanguzi mwenye fujo!

Si mzaha. Katika hospitali zetu mgonjwa hueleza kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama, nesi akafasiri, daktari akaandika kwa Kiingereza. Anayeumwa na tumbo huonyesha kwa kidole. Akili haionyeshwi kwa kidole, huonyeshwa kwa maneno, na neno likienda kombo matibabu nayo huenda kombo. Ndiyo sababu nashikilia kwamba msomaji wa Kiswahili ana haja ya kujua maneno machache ya Kiingereza yahusuyo akili, angalau ya kujikinga nayo.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Mtu hushindwa kuachana na vitu, viwe na thamani au visiwe nayo: magazeti ya kale, mikebe, nguo zilizochakaa, chupa, risiti za duka. Akiambiwa atupe huumia kana kwamba ameambiwa amtupe mtu. Vitu huzidi kurundikana hata kitanda hakilaliki, jikoni hakupikiki na mlango haufunguki. Aghalabu dalili huanza ujanani zikiwa ndogo, kisha huzidi umri ukisonga, ndiyo maana sisi huzigundua kwa wazee. Uchunguzi uliofanywa hasa katika nchi tajiri unakadiria kwamba watu 2 au 3 hivi kati ya kila 100 wanao ugonjwa huu.

Lakini tusichanganye mambo. Mama anayeweka mikebe ya Kimbo ya kupimia mahindi, ndoo zilizopasuka za kupandia sukuma wiki, hata ile mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku Agosti 2017, si mgonjwa. Umaskini una akili zake. La kutazama ni kama nyumba bado yatumika, na kama mwenyewe aweza kuachana na kitu pasipo kuteseka.

Wala tusidhani wenye Kiingereza walizaliwa na jina la ugonjwa huu. Mwaka 1947 ndugu wawili wa New York, Homer na Langley Collyer, walikutwa wamekufa nyumbani kwao mtaani Harlem. Langley alikuwa amefukiwa na marundo yake mwenyewe, na Homer, kipofu aliyemtegemea nduguye kwa chakula, akafa baada yake. Zaidi ya tani 100 za vitu zilitolewa humo, piano 14 zikiwemo. Watu wa huko waliwaona kuwa vioja tu. Ilifika 2013 ndipo chama cha madaktari wa akili cha Marekani kilipoupa ugonjwa huu nafasi yake wenyewe katika kitabu chao, na Shirika la Afya Ulimwenguni likautia katika orodha ya maradhi iliyoanza kutumika Januari 2022.

Turudi kwenye maneno. Lililo muhimu kuliko yote, kwa maoni yangu, ni "clutter", yaani vitu vilivyorundikana ovyo mpaka nafasi ikapotea. Halina wingi, kwa hivyo usiseme "clutters". Mwambie daktari kuna "clutter" kiasi kwamba mgonjwa hawezi kutumia kitanda chake, naye ataelewa upesi kuliko ukimwambia nyumba ni "dirty". Uchafu na mrundo ni mambo mawili. Wako wanaopanguza vumbi kila asubuhi juu ya marundo yao!

Kisha kuna "discard". Shuleni tulifundishwa ni kutupa, lakini katika swali la daktari ni pamoja na kugawa au kuuza. Mgonjwa akiulizwa kama ana "difficulty discarding things" huenda akajibu hana, akidhani anaulizwa kama ana nguvu za kufika jalalani. Ugumu unaoulizwa ni wa moyoni. Nalo "distress" watu hulichanganya na "stress", ambalo siku hizi hata mtoto wa darasa la tatu analo. "Distress" ni uchungu mkali, ule unaomtoa mtu machozi akiona gazeti la mwaka juzi likitolewa nje. Na usimwite nyanya "collector". Huyo ni mtu wa stempu na sarafu, anayezipanga na kuwaonyesha wageni. Daktari atatabasamu na kumwita mgonjwa anayefuata.

Epuka pia "hoarder". Kiswahili kimewatangulia Waingereza hapa, maana twasema fulani ana malaria, ana kifua kikuu. La kusikitisha ni kwamba tukifika kwenye akili twasahau adabu hiyo, na mtu mzima anageuka kuwa kichaa, mwenda wazimu, "mental". Majina hubadilika yakibadilishwa. Hospitali ya Mathari ilipoanzishwa mwaka 1910 jina lake la Kiingereza lilikuwa la nyumba ya wendawazimu, na jina hilo likaachwa mwaka 1924.

Familia isiyojua kuwa haya ni maradhi hutafuta jina jingine: uchoyo, uvivu, kurogwa. Vijana humsubiri nyanya aende kanisani au matangani, wakatoa kila kitu nje na kuwasha moto. Wanadhani wamemsaidia. Nyanya akirudi hulia kama aliyefiwa, marundo huanza upya, na sasa hawaamini tena wajukuu wake wala hawafungulii mlango. Kusafisha kwa nguvu si tiba. Kinachojulikana kusaidia ni mazungumzo ya mara kwa mara na mtaalamu, yanayomfundisha mgonjwa polepole kuamua na kuvumilia kuachana na kitu kimoja, kisha kingine. Hakuna kidonge mahususi cha ugonjwa huu, ingawa wengi wanaougua huwa pia na huzuni kuu au wasiwasi, na hayo yana dawa.

Nina neno na madaktari pia. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ikiwa ni lazima mwandike kwa Kiingereza, basi chini yake andikeni mstari mmoja ambao mgonjwa na wanawe watausoma. "Ugonjwa wa kulimbikiza vitu" ni maneno manne tu, nayo hayamfanyi mtu mlanguzi.

Nawe msomaji uliye na mzee wa namna hii, usimburute. Nenda kwanza peke yako kwenye hospitali iliyo na kliniki ya akili, na karatasi mkononi. Andika ni vyumba gani havitumiki, kama amewahi kuanguka au moto kuzuka, na hutokea nini ukigusa vitu vyake. Andika pia ni tangu lini, maana hilo daktari hakosi kuliuliza.