MALEZI NA ELIMU: Mkaguzi Asikilize Mtoto

Askari hahitaji kufundishwa maana ya ukaguzi. Siku ya gwaride viatu hung'aa na vifungo humetameta. Lakini kamanda mwenye busara hakawii kwenye viatu. Huitwaa bunduki, akaifungua, akachungulia ndani ya mtutu. Ukaguzi wa ufundishaji wa kusoma katika shule za msingi wapasa kuwa vivyo hivyo.

Nchini kwetu ukaguzi wa shule umo mikononi mwa Mamlaka ya Taifa ya Mitihani na Ukaguzi wa Shule, NESA, iliyoundwa mwaka 2020. Shule ipatapo habari kwamba wakaguzi waja, haikosi mwalimu mkuu akimbiliaye kabati. Maandalio ya masomo hutiwa sahihi, kuta hubandikwa picha, na vitabu vilivyofungiwa hutolewa nje. Hayo si mabaya, lakini ni viatu tu. Mtutu ni mtoto wa darasa la pili aliyewekewa mbele yake ukurasa ambao hajapata kuuona.

Yafaa kukumbuka kwamba mwalimu wa madarasa ya chini ana kazi nzito. Mwaka 2008 Serikali iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia; mwaka 2011 Kinyarwanda kikarudishwa katika darasa la kwanza hadi la tatu; na tangu 2020 Kiingereza kimeshika tena nafasi hiyo, Kinyarwanda kikibaki somo. Basi mtoto mmoja hujifunza kusoma kwa njia mbili. Katika Kinyarwanda, kama katika Kiswahili, irabu ni tano, na aliyezijua hapotei. Ugumu wake ni konsonanti zinazofungamana, yaani ibihekane, kama mbw ya neno imbwa. Katika Kiingereza herufi a yaweza kutamkwa hivi katika neno moja na vingine katika neno la pili. Mwalimu mkuu asiyeielewa tofauti hii atamlaumu mwalimu bure, au atamsifu bure.

Ajiandae vipi basi? Kwanza, kila juma aketi na watoto wachache wa kila darasa, awasikilize wakisoma mmoja mmoja. Afunike picha kwa mkono, aonyeshe neno la katikati ya mstari. Anayeimba ukurasa mzima huku macho yake yako dirishani amekariri, hajasoma.

Pili, awe na orodha ya majina: nani asoma vizuri, nani akwama kwenye silabi, nani hajazijua herufi. Katika shule yenye zamu mbili, orodha iwe ya asubuhi na ya mchana pia. Mkaguzi akiuliza, jibu liwe majina ya watoto na hatua iliyochukuliwa kwa kila mmoja.

Tatu, aingie darasani mara kwa mara, akae nyuma, atazame kama kila mtoto ameshika kitabu au wanne wanagombea kimoja. Baada ya kipindi azungumze na mwalimu faraghani, kwa heshima. Walimu wote wakubaliane namna moja ya kutamkisha herufi, ili anayepanda darasa asianze upya.

Mwalimu mkuu aliyefanya hivyo mwaka mzima hatishwi na mkaguzi. Hata akiwa na watoto wanaokwama, ataeleza wapi wanakwama na kwa nini. Anayeficha watoto hao siku ya ukaguzi huwanyima msaada ambao mkaguzi angeweza kuleta. Na mtoto anayefika darasa la nne bila kujua kusoma hukosa hesabu, sayansi na masomo yote, kwa kuwa yote yamo vitabuni.

Kwa familia za askari jambo hili ni zito zaidi, maana uhamisho wa mzazi humhamisha mtoto shule. Kila mhamapo, mwombeni mwalimu mkuu awaandikie mtoto amefika wapi katika kusoma, mkaikabidhi karatasi hiyo shule mpya. Na katika mkutano wa wazazi, kabla ya kuuliza habari za sare na michango, ulizeni: mwanetu yumo katika orodha ipi? Mwalimu mkuu aliye tayari kuwajibu ninyi yu tayari kumjibu mkaguzi.