Antena ya Mkomani na Mashtaka Yake

Mashtaka dhidi ya antena zinazochomoza juu ya maghorofa ya Mkomani, hapa Mombasa, mmeshayasikia, barazani na kwenye vikao vya wapangaji. Mwenye skana, yaani kipokezi cha redio kinachopekua masafa mpaka kikute sauti, ni mpelelezi, anavunja sheria, anaharibu televisheni za wenzake, tena anatupa pesa kwa jambo ambalo simu inalifanya bure. Kabla ya kuyapima, wasomaji, tieni mizanini jambo moja: shtaka la kwanza ladai mtu huyu anasikia mengi mno, la mwisho ladai hasikii lolote la maana. Washtaki na wachague.

Tuanze na upelelezi, maana ndio unaotisha. Hoja yenyewe ni hii: Mkomani iko upande wa kaskazini wa mlango unaopitwa na meli ziendazo Kilindini, bandari inayolisha mpaka Uganda, Rwanda na mashariki ya Kongo, anayesikiliza hapa anajua meli gani inaingia na lini, na habari hiyo aweza kumuuzia mhalifu. Sikilizeni basi. Meli za safari za kimataifa za tani 300 na zaidi zinalazimishwa na mkataba wa SOLAS kubeba AIS, chombo kinachotangaza jina la meli, mahali ilipo na mwendo wake, kwa masafa ya megahezi 161.975 na 162.025, kila baada ya muda mfupi. Kinatangaza ili vyombo visigongane. Habari hiyo imekwisha kuwekwa kwenye mtandao, na mhalifu mwenye simu anaipata akiwa kitandani. Nahodha anayehofia maharamia anaruhusiwa kukizima, kama wengi walivyofanya karibu na pwani ya Somalia. Hiyo siri iliyoibwa juu ya paa la Mkomani ni ipi?

Na polisi je? Hapa wanaokosea ni pande mbili: washtaki wanaoogopa, na wauzaji wanaojisifu kwamba skana yao "inashika mpaka polisi na simu". Mfumo wa mawasiliano ya usalama ambao Safaricom iliijengea serikali kwa ajili ya Nairobi na Mombasa, ukazinduliwa mwaka 2015, unapita kwenye mtandao wa 4G. Skana ya kawaida hapo haiokoti neno. Mazungumzo ya simu za mkononi nayo husafiri yakiwa yamefichwa kwa hesabu ambazo kifaa cha sebuleni hakizifumbui. Muuzaji anadanganya, na mshtaki anautumia uongo wa muuzaji kama ushahidi.

Kama mnataka kujua upelelezi wa kweli wa redio hapa Mombasa ulikuwaje, vukeni daraja hadi shule ya Allidina Visram. Mwaka 1942, Wajapani walipotishia Colombo, Waingereza waliwahamishia hapo wataalamu wao wa kunasa na kufumbua ujumbe wa adui. Bahari iko mbele, mitambo ya kijeshi wanayo, wasikilizaji waliofunzwa wapo. Matokeo? Upokeaji ulikuwa mbaya kuliko wa Colombo. Mawimbi ya Kijapani yaliyofika yalikuwa yale yenye nguvu tu. Walipofumbua msimbo wa meli za biashara za Japani, uitwao JN-40, kilichowasaidia ni uzembe wa mtumaji mmoja aliyerudia ujumbe uleule akiuongezea habari. Mwaka 1943 wakarudi Colombo. Leo tunaambiwa tumwogope jirani mwenye waya wa mita moja.

"Ni haramu." Kwa haki yao: Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya mawasiliano, na Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998 imeiweka redio chini ya leseni. Kweli tupu. Lakini kinachokatazwa na kanuni za kimataifa za redio ni kunasa mawasiliano yasiyokusudiwa umma, na chaneli ya 16 ya baharini iliwekwa ili kila mwenye chombo aisikie. Tena Mamlaka ya Mawasiliano yenyewe hutoa leseni kwa wapenzi wa redio, wenye majina ya hewani yanayoanza na 5Z4. Haramu gani hiyo inayokatiwa leseni?

Ila wapenzi nao wasishangilie mapema. Ile kauli yao ya "mimi situmi, nasikiliza tu, sheria hainihusu" ni dhaifu vilevile. Anayeamua nani anahitaji leseni ni Mamlaka, na swali hupelekwa kwao kabla bomba la antena halijasimama. Habari ya mtu uliyoisikia kwa bahati haiendi barazani. Na Baofeng UV-5R inayouzwa madukani kwa jina la skana si skana: inatuma, na masafa yake, megahezi 136 hadi 174, yanaifunika chaneli ya 16. Mtoto akibonyeza kitufe anaingia kwenye njia ya wanaoomba msaada baharini. Hapo mshtaki ana kesi, na mimi simtetei mtu.

Kuhusu televisheni sitakawia. Kipokezi kinapokea. Kelele redioni mara nyingi hutoka kwenye chaja za bei rahisi na taa za LED, na mwenye kuumia ni msikilizaji. Mlalamikaji akague soketi zake.

"Simu inatosha," wanasema, wakionyesha Flightradar24 na MarineTraffic, ramani za mtandaoni za ndege na meli. Hizo ramani wanadhani zinajazwa na nani? Flightradar24 ilianzishwa na Waswidi wawili mwaka 2006 kama burudani, na mpaka leo zote mbili zinategemea maelfu ya vipokezi vya watu wa kujitolea, kimoja kimoja juu ya paa la mtu. Anayesifu ramani huku akimcheka mwenye antena anakula chakula akimtukana mpishi. Na umbali wa kusikia si mdogo: antena ikiwa mita 15 juu ya ardhi, meli yenye antena ya mita 36 inasikika kutoka kilomita 40 hivi, ndege iliyo mita 10,000 juu, kwa hesabu, kilomita 428, yaani kupita Dar es Salaam, ghorofa la jirani lisipoziba njia. Gharama nayo? Kuna kifaa cha bei rahisi cha kuchomeka kwenye kompyuta, chenye chipu ya RTL2832U, kilichoundwa kwa televisheni ya dijitali ya Ulaya. Televisheni yetu ya DVB-T2 hakiipati, lakini tangu 2012 wapenzi wanakitumia kupokea meli na ndege.

Limebaki shtaka moja, ambalo washtaki hulitaja mwisho kwa sauti ya chini, nalo lina miguu: bomba lenyewe. Chumvi ya bahari hula skrubu, upepo wa kusi hutikisa kisichofungwa, na radi haiulizi mwenye nyumba ni nani. Kwa hiyo vifungio viwe vya chuma cha pua, viungo vya waya vizibwe vyema, waya wa ardhi ushuke mpaka udongoni, na ruhusa iombwe kwa mwenye paa kabla ya ngazi kuegemezwa ukutani.