Kitasa Kibovu: Tujitengenezee au Tumwite Fundi?



Katika mikutano yetu tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, saa za ziada na wenzetu wanaofukuzwa kazi bila sababu. Leo tunataka kuzungumza juu ya kitu kidogo kama kidole cha mtoto, nacho ni ulimi wa kitasa cha mlango. Msicheke, maana jambo lenyewe si la kuchekesha.

Mama mmoja mwenzetu wa zamu ya usiku, anayepanga muzigo wa chumba kimoja hapa Kampala, alikaa wiki tatu na kitasa kisichoshika. Akiusukuma mlango, unafunguka tena wenyewe. Fundi aliyemwita alitaja bei ambayo mama huyu asingeweza kuilipa mpaka mwisho wa mwezi. Basi akafanya kama wanavyofanya wengi: akanunua kufuli, na kila jioni akiondoka kwenda kazini alifunga kwa nje, watoto wake wawili wakiwa wamelala ndani. Usiku mmoja jiko la makaa la chumba cha jirani likashika pazia. Moshi ukajaa nyumba nzima. Majirani wakavunja lile kufuli kwa nondo, na watoto wakatolewa salama.

Asubuhi tulikwenda kumpa pole. Kijana mmoja kati yetu alikuwa na bisibisi mfukoni, akakitazama kile kitasa. Kitasa kilikuwa kizima! Ila bawaba ya juu ilikuwa imelegea na mlango umeshuka kidogo, hata ulimi haukulifikia tundu lake. Skrubu mbili zikakazwa, mlango ukashika.

Kwa sababu hiyo maoni yetu ni haya: kila mfanyakazi, mume kwa mke, anapaswa kujua kutengeneza kitasa cha mlango wake. Si kwa ajili ya kumnyima fundi riziki yake, wala si kwa ajili ya kumsamehe mwenye nyumba wajibu wake. Ni kwa sababu mwizi na moto hawangojei mwisho wa mwezi.

Tuanze na yale tunayoweza kuyafanya wenyewe. Kabla ya kununua chochote, fungua mlango, usukume ulimi ndani kwa kidole, kisha uuachie. Ukitoka upesi, basi shida haiko ndani ya kitasa, iko kati ya mlango na fremu. Chukua mkaa au chaki, upake kwenye ncha ya ulimi, ufunge mlango, halafu ufungue. Alama itakuonyesha ulimi unagonga wapi kwenye bati la fremu. Ukigonga chini ya tundu, mlango umeshuka, nawe ukaze skrubu za bawaba ya juu. Kama tundu la skrubu limepanuka na skrubu inazunguka bure, lijaze vijiti vya kiberiti vilivyopakwa gundi ya mbao, ngoja ikauke, kisha urudishe skrubu. Au tafuta skrubu iliyo ndefu zaidi. Kama ulimi unakosa tundu kwa unene wa kucha tu, panua tundu la bati kwa tupa.

Kama ulimi unarudi polepole, ndani mna vumbi au kutu. Safisha, kisha tia unga mweusi wa penseli. Usitie mafuta ya kupikia, kwani hushika vumbi na baadaye huganda, na kitasa kitakuwa kibaya kuliko mwanzo. Na kama mlango wa mbao umevimba katika mvua za Machi hadi Mei, usikimbilie randa. Kiangazi kikija mbao zitakauka na kurudi, nawe utabaki na mwanya wa kupitisha mkono wa mwizi.

Sasa tuseme juu ya fundi. Yapo mambo yasiyofaa kujaribiwa na asiyejua. Ufunguo ukikatikia ndani, au springi ikivunjika, au bawaba ya mlango wa chuma ikiachana na fremu, mwite anayeijua kazi. Mlango wa chuma unahitaji fundi wa kuchomelea, na hapa Kampala hatuwakosi. Mafundi wa Katwe wanajulikana nchi nzima kwa kazi za chuma. Fundi naye ni mfanyakazi kama sisi. Tusimwite halafu tukamlipa nusu. Lakini patana naye bei kabla hajashika nyundo, bei ya kifaa mbali na bei ya kazi. Kaa naye mpaka amalize, na ufunguo wako usimwachie hata kwa saa moja. Ukihamia chumba kipya, badilisha kitasa, maana hujui aliyetoka ameondoka na funguo ngapi. Kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe: kifungue kitasa cha zamani, ukipeleke dukani, ununue cha kipimo kile kile.

Tunajua kwamba hata bei ya kitasa ni mzigo kwetu. Kima cha chini cha mshahara kiliwekwa mwaka 1984 kuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, na miaka arobaini baadaye kilikuwa bado ni hicho hicho. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kima kipya, lakini Rais hakuutia sahihi. Mshahara wa mwezi mzima uliotajwa na serikali haununui kitasa kimoja kilicho imara. Hapo ndipo mtu anapoambiwa ajilinde mwenyewe!

Wako wenzetu watakaosema ya kwamba tukijitengenezea tunawazoesha wenye nyumba uvivu. Neno hilo lina ukweli, na jibu letu ni kwamba utengeneze leo usiku, udai kesho asubuhi. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022 inamtaka mwenye nyumba akupe nyumba inayofaa kukaliwa na binadamu. Chumba kisichofungika hakifai kukaliwa. Kwa hiyo mpe taarifa mbele ya shahidi, au kwa ujumbe wa simu usioufuta. Tunza risiti za ulichonunua. Mkubaliane kwa maandishi kwamba fedha hizo zitatolewa katika kodi ya mwezi ujao. Usizikate kwa kichwa chako mwenyewe, usije ukaitwa mdaiwa. Na mjue pia ya kuwa sheria hiyo hiyo hairuhusu mpangaji kutolewa bila amri ya mahakama. Mwenye nyumba anayekuja na kufuli lake kukufungia nje kwa sababu umedai haki, huyo ndiye anayevunja sheria, si wewe.

Kwa ndugu zetu wa mashamba ya miwa na chai, mnaokaa katika nyumba za kampuni, jambo ni jepesi zaidi kulielewa. Mlango ni wa tajiri, basi na matengenezo ni ya tajiri. Lakini mtu mmoja mmoja akienda ofisini, ataambiwa arudi wiki ijayo mpaka achoke. Wawakilishi wa chama wapite nyumba kwa nyumba, waandike milango yote mibovu katika karatasi moja, waipeleke pamoja. Na wakati wa kujadili mkataba wa pamoja, matengenezo ya nyumba yaandikwe humo pamoja na muda wa kuyamaliza. Mlango mmoja ni lalamiko la mtu, milango arobaini ni jambo la chama.

Uko mlango mmoja tu ambao tunasema msiuguse kwa bisibisi zenu, nao ni mlango wa dharura wa kiwanda. Kitasa chake kikikwama, msiufunge kwa waya ili kazi iendelee, wala msikubali utiwe kufuli eti kuzuia wizi wa mali. Tarehe 25 Machi 1911, katika mji wa New York, kiwanda cha nguo cha Triangle kiliwaka moto. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana, na mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Mtu atasema hayo ni ya zamani. Tarehe 11 Septemba 2012, kule Karachi nchini Pakistan, zaidi ya wafanyakazi 250 walikufa katika kiwanda cha nguo ambacho milango yake ilikuwa imefungwa na madirisha yana vyuma. Miaka mia moja ilipita kati ya moto huo na huo, na kosa ni lile lile. Hapa kwetu Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inampa mwajiri jukumu la kulinda maisha yetu tukiwa kazini. Mlango wa dharura ukikwama, andika, mpe mwakilishi wako, naye ampelekee meneja siku ile ile. Asiposikia, mkaguzi wa serikali aitwe.

Mnaona basi ya kuwa kitasa kina kazi mbili. Kinamzuia mwizi asiingie, na kinamruhusu mtu atoke. Kufuli la nje linafanya kazi ya kwanza na kuiua ya pili.

Tunaomba kila tawi lifanye jambo moja Jumapili ijayo. Wenye bisibisi na tupa wawazungukie wenzao wa zamu ya usiku, hasa akina mama walio peke yao, waitazame milango yao. Panapohitajika fundi, wachange. Na kila anayelazimika kuwaacha watoto wamelala, amwachie jirani wa kuaminika ufunguo wa pili, asifunge kufuli kwa nje. Yule mama tuliyemtaja sasa hufunga mlango kwa kitasa, ufunguo mmoja uko kwa jirani, na lile kufuli lililovunjwa ametuletea ofisini. Tumelitundika ukutani ili kila anayeingia aulize habari zake.

Umoja ni nguvu.