Mnaotenga vikombe ndio mnaoeneza TB

Pita vibaraza vya Chumbageni jioni, kahawa ikimiminwa kutoka kwenye dele. Akikohoa mtu aliyekonda kidogo, kikombe chake kitawekwa kando, na jirani yake atainuka kama aliyepigiwa simu. Aliyekohoa akitoa mguu tu, hukumu inasomwa: "Yule anao." Wiki haiishi, mwenye nyumba anataka chumba chake.

Jamani, hamuoni haya? Kifua kikuu hakiambukizwi kwa kikombe, sahani wala kupeana mikono. Kinapita hewani, mwenye TB ya mapafu asiyetibiwa anapokohoa, na makao yake ni chumba kisichopitisha hewa. Ninyi hao hao mnaosugua kikombe mara tatu mnalala watano chumba kimoja, dirisha mmeliziba kwa boksi!

Na mnayemkimbia ni nani? Mara nyingi ni yule aliyekwisha kupima na anayemeza dawa. Dawa hizo ni bure katika vituo vya serikali, dozi ya kawaida ni miezi 6, na wengi huacha kuambukiza ndani ya wiki chache za mwanzo wakizimeza sawasawa. Wa kuhofia ni yule anayejifungia ndani na chupa ya dawa ya kikohozi ya dukani, kwa kuwa ameona mlivyomfanyia mwenzake. Huyo mmemficha ninyi, kwa midomo yenu.

Tena sisi ndio tusiokuwa na kisingizio. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma. Kazi ya mtaalamu wa TB, Dkt. Karel Styblo, ndani ya mpango huo ndiyo Shirika la Afya Duniani liliyoisambaza kwingine miaka ya 1990: pima makohozi, dawa zisikatike, mgonjwa asimamiwe mpaka amalize. Ulimwengu umejifunza kwetu kukaa na mgonjwa. Sisi tunamtupia virago.

Mwenye nyumba, ukimfukuza mpangaji hujaifukuza TB. Umeihamishia mtaa wa pili, na pengine umemkatiza dozi, ugonjwa urudi ukiwa sugu kwa dawa.

Anayekohoa wiki 2 mfululizo asindikizwe kituoni akapimwe. Kama kumsindikiza kunakushinda, basi funga mdomo, ufungue dirisha.